Karata ya Mama Bei

Hilaria alizaliwa na vidole visivyotulia. Ukimpa gunzi la muhindi, atalichonga liwe mtu. Ukimpa kipande cha sabuni akafulie, atakurudishia mbuzi mwenye pembe. Mama yake alimchapa kwa sababu ya mbuzi yule, maana miaka hiyo sabuni ilitafutwa kwa tochi. Hilaria alilia sana, lakini kesho yake alifulia kwa mbuzi huyohuyo huku akijitahidi pembe zisiishe.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompatia kazi. Ujana wake wote ulipita ndani ya kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Dodoma, mali ya umma, akipanga herufi za risasi kinyumenyume, akikata karatasi na kufunga vitabu. Halafu yakaja mageuzi. Viwanda vikauzwa, maduka yakajaa vitu, watu wakapunguzwa kazini. Hilaria alikuwa mwanamke mnene, na mumewe Romani alipoletewa habari hizo alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Wamekupunguza wapi? Mbona naona umerudi wote?" Hilaria alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia kidogo, kwa sababu aliipenda kazi ile.

Romani alikuwa mtu wa reli, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa mtu wa karata. Barazani kwake, pale Miyuji, wanaume walikusanyika wakazitupa mezani kwa vishindo kana kwamba wanaua nge. Tatizo lilikuwa karata zenyewe. Zilikuwa zimezeeka, nyingine zimepotea na nafasi zao kuchukuliwa na vipande vya pakiti za sigara. Siku moja Mzee Noeli, kaka yake Romani, alimshutumu mdogo wake kwamba anamjua mfalme kwa mgongo, kwa sababu ana doa la mafuta ya samaki. Romani akaapa kwa mama yao. Noeli akamwambia amwache mama yao apumzike. Hilaria, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasema bila kuinua macho, "Nyamazeni. Nitawatengenezea nyingine."

Wakacheka. Hapo ndipo walipokosea, maana Hilaria ukimcheka ndiyo umempa kazi.

Alikusanya soli za kandambili zilizokwisha, zile ngumu, akazichonga kwa wembe na kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa jiweni. Kuchonga kinyume hakukumsumbua, kwani maisha yake yote alikuwa akisoma kinyume. Wino alipika mwenyewe kwa masizi na gundi ya migunga, ile ambayo watoto huibandua kwenye magome wakaila. Makaratasi aliyapata kwenye majalada makuukuu yaliyotupwa na ofisi. Alibandika mawili mawili kwa uji wa ngano, akayalaza chini ya jiwe la kusagia, yakatoka magumu na yamenyooka. Kisha alipaka wino kwenye soli, akaweka karatasi juu yake, akasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono ukafa ganzi.

Mgongo wa karata ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu lazima zote zifanane, vinginevyo akina Noeli wataanza tena. Hilaria alichonga kichala kimoja cha zabibu, akakichapa nyuma ya kila karata, na kila iliyotoka na kasoro aliichana bila huruma. Mwisho alizipaka zote maji ya gundi ili zing'ae. Kwa Dodoma, ambako nguo hukauka kabla hujamaliza kuzianika, gundi ile ilikauka ikawa kama kioo.

Alipofika kwenye karata za watu alikwama. Hakuwa amewahi kumwona mfalme wala malkia, na hakuweza kuchonga asichokiona. Basi kila Jumamosi akawa anakwenda Majengo, kwenye meza ya shoga yake Kuluthumu, mama wa Kondoa aliyeuza kunde na karanga. Alikaa juu ya gunia na penseli yake akawatazama watu, na watu hao ndio waliochukua nafasi za wafalme. Alikuwepo Karani mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alikuwepo Mpiga Filimbi wa stesheni, na Mlevi aliyeegemea nguzo isiyokuwepo, na Bibi Harusi anayechungulia shelani. Lakini aliyemtokea vizuri kuliko wote alikuwa Mama Bei.

Mama Bei alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kilemba amekikaza, na kila Jumamosi alikuja sokoni na kikapu kikubwa cha ukindu. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alishika kila kitu kabla ya kununua. Kunde alizisugua, karanga alizimenya, mchele aliutafuna. Kisha aliuliza bei. Akishatajiwa, hakusema neno. Aliinua kidole kimoja juu, akakiacha hapo, akamtazama muuzaji machoni. Wauzaji wenyewe ndio walioanza kuteremka. Kuluthumu alisema heri akabiliane na fisi, kwa sababu fisi ukimtupia jiwe anaondoka. Hilaria alimchonga na kidole chake na kikapu chake, na ilipotoka karata ile ya kwanza alifurahi kama mtu aliyezaa.

Romani na wenzake wakapata karata zao, wakanyamaza. Wengine wakataka, Hilaria akachapa zaidi. Pakiti moja aliichukua Kuluthumu, ambaye hajui mchezo wowote wa karata. Aliiweka juu ya gunia, na kila asubuhi kabla hajafunua meza alichomoa karata moja aone siku yake itakuwaje.

"Nikimpata Karani," alimweleza Hilaria, "najua leo kila mtu ataniambia njoo kesho. Nikimpata Mpiga Filimbi, mgeni yuko njiani. Mlevi, pesa itaingia lakini haitalala nyumbani kwangu."

"Kuluthumu, nimetengeneza karata za kuchezea. Unanigeuza mganga."

"Sipigi ramli mimi, shoga yangu. Natazama tu."

"Na Mama Bei?"

"Astaghafirullah! Ukimpata huyo, funga mfuko. Utakachouza leo utauza kwa hasara."

Haikupita muda, akina mama wa sokoni wakawa wanapanga foleni kwenye gunia la Kuluthumu kabla ya kufungua biashara. Ungesikia mtu akipaza sauti kutoka upande wa nyanya, "Jamani, leo nina Karani!" na wa upande wa vitunguu wakimpa pole. Hilaria alikuna kichwa, maana hakukusudia hivyo, lakini moyoni alifurahi kweli. Kiwandani alichapa maelfu ya makaratasi na hakuna aliyewahi kuyapigia kelele hata moja.

Wakati huo binti yake Violeth, aliyekuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini, alikuwa amepata mchumba. Kijana aliitwa Seth, mwalimu, mtaratibu mpaka unamwonea huruma, mtoto wa mama mjane wa Zuzu. Kila mtu alimpenda. Ila siku moja Violeth alirudi kutoka kazini macho mekundu.

"Mama, mama yake Seth ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Amesikia habari za karata za ramli za Majengo. Amesema nyumba yenye mambo hayo haitampa mwanawe mke. Hajui kama ni sisi."

"Mimi sipigi ramli."

"Najua, mama. Nenda Zuzu ukamweleze yeye."

Hilaria hakwenda Zuzu. Zuzu ndiyo iliyomjia, kwa sababu wiki ile Seth alimleta mama yake wasalimiane. Hilaria alitoka mlangoni anajifuta mikono, akaona kwanza kilemba, kisha kikapu cha ukindu. Violeth akamuuliza mgeni kama chai aongezewe sukari, na mgeni, badala ya kujibu, akainua kidole kimoja juu. 

Wageni walipoondoka alimvuta binti yake jikoni. "Mwanangu, yule ndiye Mama Bei."

"Umemchonga mama mkwe wangu?"

"Nilimchonga kabla hajawa mkwe!"

Violeth akakaa juu ya ndoo akajifunika uso kwa kanga. Alimpenda Seth kwa moyo wake wote, na sasa aliiona ndoa yake ikizunguka sokoni Majengo juu ya gunia la kunde. "Zichome, mama," alisema. "Tafadhali."

Ile soli yenye Mama Bei Hilaria aliitumbukiza chooni siku hiyohiyo, akasimama pale kwa muda kama mtu aliyezika. Kuluthumu aliambiwa afungie pakiti yake stoo. Nyumbani ikabaki pakiti moja tu, ile ya kwanza kabisa. Hilaria aliipitia karata baada ya karata akimtafuta Mama Bei amtoe, hakumpata. Alimuuliza Romani, akaapa tena kwa mama yake. Ikaamuliwa kwamba Noeli ndiye aliyeichukua, kwa sababu Noeli hulaumiwa kwa vingi. Zilizobaki Hilaria alizipeleka mekoni azichome. Alisimama mbele ya moto, pakiti mkononi, akashindwa. Alizipenda karata zile kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Zilikuwa kitu chake cha kwanza ambacho hakuna aliyemwagiza. Akazitia kwenye debe, akalipandisha juu ya kabati, akamwambia Violeth kwamba ameshayamaliza mambo hayo. Na hakusema uongo sana, maana alikusudia kuyamaliza.

Halafu mvua ikanyesha. Mvua ya mwaka ule wa Elnino hakuna mtu wa Dodoma aliyeisahau. Nchi iliyozoea kuomba mvua kwa magoti ikaanza kuomba iache. Viberiti vilikataa kuwaka, chumvi iligeuka maji bakulini, viatu viliota ukungu wa kijani. Na juu ya kabati la Hilaria, ndani ya debe, gundi ya migunga iliyokuwa imekauka kama kioo ikaanza polepole kulainika.

Ujumbe wa posa ulifika asubuhi ya Jumamosi, mawingu yakiwa chini. Alikuja mshenga na wazee wawili, na kinyume cha kawaida akaja Mama Seth mwenyewe. Mshenga alieleza kwa unyenyekevu kwamba walijaribu kumzuia. Upande wa Hilaria msemaji alikuwa Mzee Noeli, aliyevaa koti la suti lililombana. Violeth alijifungia chumbani kama desturi inavyotaka, sikio limeganda mlangoni. Jikoni alikuwa Kuluthumu, amekuja kusaidia pilau, na ameapishwa asitoke hata nyumba ikishika moto.

Mambo yalianza vizuri. Ng'ombe wa mahari wakakubaliwa bila kelele nyingi. Walipofika kwenye mkaja, zawadi ya mama mzazi wa binti, gari likakwama. Noeli alisema mkaja wa Hilaria ni ng'ombe mtamba. Mshenga akasema mbuzi. Noeli akasema binti amesoma. Mama Seth hakusema kitu. Aliinua kidole.

Noeli, mtu mzima mwenye wajukuu, akaanza kutoka jasho. Alijikuta anasema labda mbuzi wawili, kisha akajikumbuka akarudi kwenye mtamba. Hilaria alitamani kupiga kelele kwamba hata kuku anatosha, hata yai, ili mradi waondoke salama. Mvua ikashuka ghafla, kubwa, ikapiga bati mpaka wakawa wanapigiana kelele ili wasikilizane. Mtoto wa jirani akapita nje akisema korongo limejaa na hakuna wa kuvuka. Basi hapo ndipo walipokuwa, wageni hawawezi kuondoka na wenyeji hawawezi kuendelea.

Ndipo bati lilipoanza kuvuja. Tone lilidondoka juu ya kabati, ti, juu ya debe, ti, ti. Romani, aliyekuwa amechoka kukaa kimya, akafurahi kupata kazi. Alisimama alisogeze debe. Hilaria alimkonyeza, akamkazia macho, akakohoa. Romani akadhani mkewe ana mafua. Akalivuta debe, kifuniko kikatoka, na karata zikamwagika sakafuni mpaka miguuni kwa Mama Seth, nyingine moja moja, nyingine zimegandana mafungu mafungu.

 Mama Seth aliinama, akaokota moja, akaigeuza. Ilikuwa Mlevi. Aliitazama, kisha vidole vyake vikaanza kuisugua kama anavyosugua kunde.

"Hii ni nene kuliko wenzake," alisema.

Akaingiza ukucha ubavuni. Gundi ilikuwa laini, karata ikajibandua ikawa mbili, na nyuma ya Mlevi, alikokuwa amejificha siku zote hizo, akatokea mwanamke mrefu mwenye kilemba, kidole kimeinuliwa juu. Mama Seth aliisogeza karibu na dirisha apate mwanga.

"Huyu ni nani?"

Hilaria alimwona Romani akitazama dari, na Noeli akitazama viatu vyake. Akasema mwenyewe. "Ni wewe, mama. Nilikuchonga sokoni kabla sijakujua. Karata za Majengo nazitengeneza mimi. Violeth hana kosa lolote."

"Sijauliza habari za Violeth. Wananiitaje huko?"

"Mama Bei," ikajibu sauti kutoka mlango wa jikoni. Kuluthumu alikuwa amesimama pale na mwiko, kiapo kimemtoka kichwani.

Mama Seth akageuka. "Wewe! Wa kunde!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa hiyo wewe ndiye mtabiri. Mtu akinichomoa mimi asubuhi, unamwambiaje?"

Kuluthumu alimtazama Hilaria, akamtazama mgeni, na kwa kuwa hakuzaliwa na uwezo wa kudanganya ana kwa ana, akasema, "Namwambia leo faida hakuna. Chochote atakachouza, atauza kwa hasara."

Chumbani Violeth alisikika akilia.  Hilaria aliona ameiuza ndoa ya mwanawe kwa soli ya kandambili, na hata samahani hakujua aiombe kwa nani kwanza.

Mama Seth aliendelea kuitazama karata. "Mume wangu aliniachia watoto watano na shamba la mawe," alisema taratibu. "Kila Jumamosi natembea kutoka Zuzu. Seth amesomeshwa na hiki kidole, na dada zake vilevile. Watu wananikimbia, naona. Hakuna aliyewahi kukaa akanitazama." Akaigusa karata kwa ukucha. "Ila kikapu changu kina mishikio miwili. Umeweka mmoja."

"Mwingine ulikuwa umelala, mama."

"Mshikio wangu haulali."

"Nitarekebisha," Hilaria akasema.

"Sasa sikilizeni." Mama Seth aliiweka karata katikati ya meza, uso juu. "Za kuchezea sina neno nazo. Marehemu mume wangu alicheza, Mungu amrehemu, na alikuwa mwizi wa karata. Lakini ramli ni uongo, na nitawaonyesha. Leo ametoka nani? Nimetoka mimi. Kwa hiyo karata inasema watu wa nyumba hii hawatapata faida leo. Ndivyo, wewe wa kunde?"

"Ndivyo inavyosema, mama."

"Mshenga, waambie hivi. Mkaja wa mama ni mtamba. Yule mwekundu mwenye baka usoni, ninayemtunza kwa mkono wangu. Nawe wa kunde, ukafungue meza yako, uwaambie wote pale Majengo kwamba siku aliyotoka Mama Bei, mtu alipata mtamba. Tuone nani atapanga foleni tena kwenye gunia lako."

Kuluthumu alipiga kigelegele kilichoishinda mvua. Noeli akafungua vifungo vya koti. Violeth akasahau desturi yote, akatoka chumbani kanga inaburuta, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake kabla hajaitwa, na Mama Seth akamwambia ainuke, sakafu imelowa. Hilaria alilia hadharani na hakuona aibu. Pilau iliungua kidogo chini, ikaliwa yote.

Jioni maji yalishuka korongoni, wageni wakasimama kuaga. Mama Seth aliiokota karata yake mezani, akaipangusa kwa ncha ya kilemba.

"Hii unauza bei gani?"

Hilaria alitaka kusema chukua tu, mkwe wangu, nyumba yote hii ni yako. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alimtazama mwanamke yule, akaelewa kwamba kumpa bure ingekuwa kumdharau. Akataja bei, na kwa heshima akaipandisha kidogo.

Mama Seth hakusema neno. Akainua kidole.